Kuifundisha mashine kusema "bado sijauona": shajara ya mradi

Wiki ya 1

Tumeanza. Tunajenga programu ya kumsaidia mpasuaji, hasa anayetumia roboti: inatazama video ya upasuaji na kumwonyesha kwa mstari mrija wa mfuko wa nyongo uko wapi. Tuko watatu: mimi kwenye programu, rafiki yangu wa chuo kwenye hesabu, na Daktari, mpasuaji ambaye kwa miaka mingi sasa anatoa mifuko ya nyongo kwa njia ya matundu madogo. Roboti hatuna. Tuna kompyuta moja yenye kadi ya GPU (ya hesabu nzito za picha) ya gigabaiti 12, chumba cha kupanga Sinza, Dar es Salaam, chenye feni moja, na picha za matumbo ya watu zilizotolewa kwa ajili ya utafiti.

Niandike kwanza kwa nini tunahangaika na macho ya roboti. Mpasuaji anayetumia mfumo wa roboti kama da Vinci hasimami kando ya kitanda. Anakaa kwenye konsoli, meza ya kuiendeshea roboti, uso kauinamisha kwenye kioo, kila jicho linapata picha yake ili aone kina, na vidole vyake vikisogea, vyombo vilivyomo tumboni navyo vinasogea. Alichokikosa kwa miaka mingi ni mguso. Mfumo huo uliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na kwa zaidi ya miaka ishirini mpasuaji alijua anavuta kwa nguvu kiasi gani kwa kutazama tu jinsi tishu inavyonyooka. Vyombo vinavyomrudishia hisia ya nguvu vilikuja na da Vinci 5, iliyopata kibali mwaka 2024. Bila vyombo hivyo, macho yanabeba kazi yake na kazi ya vidole.

Tumechagua mfuko wa nyongo kwa sababu video zake ndizo nyingi zaidi mikononi mwa watafiti, na kwa sababu Daktari anaujua kama anavyojua jikoni kwake. Leo ametuchorea nyuma ya bahasha ya kaki. Mfuko umening'inia chini ya ini kama pera. Kutoka kwenye mfuko unashuka mrija mdogo, unaungana na mrija mkuu unaopeleka nyongo kutoka kwenye ini hadi utumbo mwembamba. Mdogo unakatwa. Mkuu haukatwi.

"Sasa shika mfuko uuvute hivi," alisema, akaukunja mstari kwa kalamu. "Mrija mkuu nao unanyooka, unajipanga sawasawa na ule mdogo. Jicho linakuapia kwamba ni mmoja."

Akatusimulia mgonjwa aliyeletwa kwake kutoka kwingine, wiki moja baada ya upasuaji, macho ya njano, tumbo limejaa nyongo. Hakutaja hospitali na sisi hatukuuliza. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa San Francisco lilichambua kesi 252 za mirija ya nyongo iliyoumizwa kwenye upasuaji wa matundu madogo, na katika asilimia 97 chanzo kikuu hakikuwa mkono mbaya wala uzembe. Macho yalidanganyika. Nimeiandika namba hiyo kwenye karatasi, nimeibandika ukutani juu ya kompyuta.

Wiki ya 2

Kupakua data. Bando la usiku, kuanzia saa sita, siku nne mfululizo.

Tuna seti mbili. Ya kwanza ni ya EndoVis, shindano la programu za kuchambua picha za upasuaji, la mwaka 2017: mifuatano kumi ya upasuaji wa nguruwe uliofanywa kwa da Vinci Xi, minane kati yake ina fremu (picha mojamoja za video) 225 za kufundishia kila mmoja, na vyombo vya roboti vimechorewa mipaka. Hii inatufundishia koleo, mkasi na viungo vyake. Ya pili ni CholecSeg8k: fremu 8,080 zilizochukuliwa kwenye video 17 za Cholec80, mkusanyiko wa upasuaji 80 uliorekodiwa hospitali ya chuo kikuu cha Strasbourg, Ufaransa. Humo kila pikseli imepewa jina, kati ya majina 13: ini, mafuta, mfuko wa nyongo, damu, koleo, ndoano ya umeme, na ule tunaoutafuta, mrija wa mfuko.

Modeli ya kuanzia, yaani programu inayojifunza kutokana na picha hizo, ni U-Net, iliyotoka Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, mwaka 2015. Tungeweza kuanza na kubwa zaidi, ila hii tunaielewa kila tabaka, na kadi yetu inaimudu.

Wiki ya 3

Rafiki yangu amenikatisha furaha kwa hesabu ya dakika mbili. Nilikuwa napima kwa usahihi wa pikseli, nikaona asilimia tisini na kitu. Akauliza: mrija unachukua sehemu gani ya picha? Kwenye fremu nyingi hata asilimia moja haufiki. Modeli isiyowahi kuuona mrija hata mara moja maishani mwake bado inaweza kupata asilimia 99. Tumeacha kipimo hicho. Sasa tunatumia alama ya Dice, inayopima eneo lililochorwa na modeli linavyolingana na lililochorwa na mtu (0 ni hakuna, 1 ni sawasawa), kwa kila kitu peke yake, mrija kivyake, ini kivyake, na jedwali linaanza na mrija.

Wiki ya 4

Wiki ngumu, na nataka kuiandika yote.

Jumanne usiku Dice ya mrija ilipita 0.9. Nilimpigia Daktari saa tatu usiku. Alifurahi, akaomba nimtumie video fupi. Nikachukua kipande cha upasuaji mwingine wa Cholec80, nje ya zile 17, nikakipitisha kwenye modeli. Mstari wa kijani ukatua kwenye utumbo. Ukaruka ukatua kwenye koleo. Ukatoweka. Sikumtumia.

Nilikesha nikitafuta kosa kwenye programu, na programu ilikuwa salama. Kosa lilikuwa kwenye namna nilivyogawa picha. Fremu za CholecSeg8k zimepangwa kwenye folda, kila folda fremu 80 zinazofuatana, na video ni ya fremu 25 kwa sekunde. Folda nzima ni sekunde 3 na kidogo. Mimi nilizichanganya zote 8,080 kama karata, nikatenga sehemu ya kufundishia na sehemu ya kupimia. Kwa hiyo fremu ya 46 ilikuwa darasani na ya 47 kwenye mtihani, na kati yao zimepita milisekunde 40. Nilizifungua mbili hizo upande kwa upande. Tone lilelile la damu kwenye kona ya lenzi, mng'ao uleule mgongoni mwa koleo, hata kipovu kilekile pembeni mwa ini. Mwanafunzi alipewa mtihani ambao majibu yake alikuwa ameyashika mkononi.

Tumegawa upya kwa mgonjwa. Video nzima iko upande mmoja au upande mwingine, haikatwi. Dice ya ini ilishuka kidogo. Ya mrija ilianguka hadi chini ya nusu.

Nilimwambia Daktari ukweli Ijumaa asubuhi, nikamwomba radhi kwa simu ya Jumanne. Akasema, "Mdogo wangu, afadhali umeangukia mezani kwako kuliko mezani kwangu."

Wiki ya 5

Umeme umekatika mara nne. Tumeandika programu ihifadhi modeli kila baada ya dakika kumi. Hakuna jingine.

Wiki ya 6

Leo, kwa ruhusa ya mgonjwa na ya hospitali, nilisimama kwenye kona ya chumba cha upasuaji, nimevaa kofia na barakoa, mikono nimefunga kifuani nisiguse kitu.

Kamera iliingia kwenye tundu la kitovuni. Skrini ikawa nyeupe tupu. Lenzi imetoka kwenye baridi ya chumba, imeingia kwenye joto la mwili, imepata ukungu. Ikatolewa, ikachovywa kwenye maji ya moto, ikafutwa kwa kitambaa laini, ikarudi. Hilo lilitokea mara tano kabla upasuaji haujaisha, na kila mara wote walisubiri bila kusema neno, kama watu wanaosubiri daladala ipite kabla ya kuvuka.

Kisha ndoano ya umeme ikagusa mafuta. Moshi unapanda taratibu, wa kijivu, unajaza nusu ya chini ya picha, halafu yote. Daktari aliinua mguu kwenye pedali, akamwambia msaidizi afungue vali kidogo, akangoja. Moshi ukapungua. Akaendelea. Nilihesabu: alitumia muda mrefu kusubiri aone kuliko muda wa kukata.

Nilichojifunza hakimo kwenye data yoyote niliyopakua. Fremu za CholecSeg8k ni nzuri. Mtu alizichagua. Upasuaji wenyewe una ukungu, moshi, damu kwenye lenzi, na dakika nzima ambazo hakuna kinachoonekana. Nimerudi nyumbani nikaanza kutengeneza moshi wa bandia kwenye picha za kufundishia: madoa meupe laini, ukungu, mng'ao, lenzi iliyopakwa damu. Modeli inapaswa kukua katika chumba kama kile.

Wiki ya 8

Mng'ao wa chuma umetusumbua wiki mbili. Koleo likisogea karibu na ini linaakisi rangi ya ini, na modeli inaliita ini. Data ya EndoVis imesaidia sana hapa, kwa kuwa vyombo vya da Vinci vinang'aa vilevile na mipaka yake imechorwa kwa makini.

Kuna anayeweza kuuliza: roboti si inajua mikono yake ilipo? Inajua kwa kukadiria. Vyombo vyake vinavutwa kwa nyaya nyembamba, nyaya zinalegea na kunyooka, na kosa dogo kwenye kila kiungo linajumlishwa hadi ncha. Ukichora mstari juu ya tishu kwa kutegemea vipimo vya viungo pekee, mstari unahama. Inabidi picha yenyewe iseme chombo kiko wapi, ili mchoro wetu upite chini ya koleo, usilifunike.

Wiki ya 9

Daktari amekuja Sinza. Nilimwandalia kiti, chai, na skrini kubwa ya kuazima. Shikamoo, marahaba, akaketi, akavaa miwani.

Tulianza na rangi. Nilikuwa nimepaka mfuko kijani kizima, mrija bluu, ini zambarau, na nilijivunia. Alitazama sekunde kumi hivi. "Ondoa," alisema. "Unanipaka rangi juu ya kile ninachotaka kukiona. Mimi nasoma weupe wa ukuta wa mrija, nasoma vimishipa vidogo juu yake. Vyote umevifunika." Nikaondoa rangi, nikabakiza mstari mwembamba pembezoni, unaowaka kwa pedali na kuzimika kwa pedali. Hiyo akaikubali. Kwenye da Vinci tungeanza hata na chini ya hapo: konsoli yake ina nafasi ya kuonyesha video ya nje kama dirisha dogo chini ya picha kuu, na picha kuu inabaki haijaguswa.

Halafu likaja lile ambalo limebadilisha mradi.

Nilimwekea video mwanzo kabisa wa usafishaji, mafuta yamejaa, hakuna kilichofunguliwa. Modeli ikachora mrija. Mstari umetulia kabisa, hautetemeki. Nilidhani atasifu. Alisogeza kiti mbele, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hapa ni mafuta," alisema. "Mrija uko humo ndani mahali fulani, mimi mwenyewe hapa sijui uko wapi. Yeye kajuaje?"

Sikuwa na jibu.

"Mrija hauonekani mpaka umeusafisha. Ndiyo maana ya ule utaratibu wa Strasberg." Akauhesabu kwa vidole. Pembetatu kati ya mfuko, mrija na ini isafishwe mafuta na nyuzi zote. Theluthi ya chini ya mfuko iachanishwe na ini. Na vitu viwili tu, mrija na ateri, vionekane vikiingia kwenye mfuko, visizidi viwili. Steven Strasberg na wenzake waliuandika mwaka 1995, na Daktari hakati hata siku moja bila kusimama na kuuhesabu kwa sauti mbele ya wasaidizi wake. "Mashine yako ikinionyesha mrija kabla sijasafisha, itanifanya niache kusafisha. Mimi nina miaka yangu, nitaipuuza. Kijana aliyeanza mwaka huu hataipuuza."

Alipoondoka tulikaa kimya, chai imepoa. Tulikuwa tumejenga kitu kinachotoa ushauri kwa sauti ileile iwe kinajua au hakijui.

Wiki ya 10

Chanzo tumekipata haraka. Modeli ilikua ikiona mrija kwenye fremu ambazo mtu aliuona na kuuchora. Mafuta yaliyofunika mrija iliyaona kama mafuta tu, na hakuna aliyewahi kuifundisha kwamba kuna hali ya tatu: upo, ila haujafunuliwa.

Tumechukua video za Cholec80 nje ya zile 17. Daktari anapitia vipande, usiku baada ya zamu, na kuandika neno moja kati ya matatu: "haujafunuliwa", "nusu", "wazi". Hachori mipaka, anaandika neno tu, na kwa namna hiyo anamaliza vipande vingi kwa muda mfupi. Modeli imeongezewa tawi la pili linalotabiri neno hilo kwa picha nzima, na mstari wa mrija unaruhusiwa kuonekana pale tu tawi hilo linaposema "wazi".

Tumeshughulikia pia kujiamini kwake. Ikisema ina uhakika wa asilimia 90, tunataka iwe sahihi mara tisa katika kumi kwenye video ambazo haijawahi kuziona. Ilikuwa mbali na hapo. Kurekebisha kumechukua mstari mmoja wa programu, kugawa alama za mwisho kwa namba moja tuliyoipima kwenye video za pembeni, na siku tatu za kuthibitisha kwamba hatujajidanganya tena kama wiki ya 4.

Wiki ya 11

Ucheleweshaji. Tuliweka simu yenye saa ya kuhesabia mbele ya kamera, tukapiga picha simu na skrini kwa pamoja, tukatoa moja kwa nyingine. Mwanzoni ilikuwa kama theluthi ya sekunde. Baada ya dakika kumi ilikuwa imepita sekunde mbili.

Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux, akiwa New York, alitoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg, kwa roboti iitwayo ZEUS. Wastani wa kuchelewa kwa mawasiliano ulikuwa milisekunde 155, kuvuka Atlantiki. Sisi kamera na skrini viko meza moja tunachelewa sekunde mbili. (Taasisi aliyoianzisha, IRCAD, ina kituo Kigali tangu 2023. Daktari anapanga kwenda kujinoa huko.)

Kosa lilikuwa foleni. Fremu zilikuwa zinaingia kwa kasi kuliko modeli inavyozila, zinajipanga, na modeli inachora mambo yaliyopita. Sasa programu inachukua fremu ya mwisho tu na kuzitupa zilizokaa. Tumepunguza pia ukubwa wa picha na kuhesabu kwa namba za biti 16 badala ya 32. Tumeshuka chini ya milisekunde 100. Bado si 40, ambayo ndiyo nafasi ya fremu moja, kwa hiyo tumeweka sheria nyingine: tishu ikisogea kwa kasi, mstari unazimika hadi itulie. Koleo linalokwenda sentimita 5 kwa sekunde linasogea nusu sentimita ndani ya milisekunde 100, na nusu sentimita pale ni mbali sana.

Wiki ya 13

Data ya Strasbourg si matumbo ya kwetu. Daktari anapokea vijana wengi wenye selimundu: chembe nyekundu zikivunjika mfululizo, nyongo inajaa rangi yake, na mawe yanajijenga mapema, wakati mwingine utotoni. Wengine wanafika wamechelewa, mfuko umevimba na kugandamana na kila kilicho jirani. Modeli yetu haijaona hata mmoja wao.

Tumeandika maombi ya kibali cha maadili ya utafiti, na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachosomeka, tukizingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuna jambo ambalo nisingelijua bila siku ile ya thieta: kila kamera inapotolewa kufutwa, inaendelea kurekodi. Inachukua sura ya nesi, ubao wenye jina la mgonjwa, dirisha. Kabla ya video yoyote kutoka hospitalini, programu ndogo itatambua fremu za nje ya mwili na kuzifanya nyeusi, na mtu atazipitia kwa macho baada ya programu. Hiyo imekamilika, na kwenye kipande cha majaribio tulichojirekodi wenyewe chumbani haikuacha sura hata moja.

Wiki ya 15

Jaribio la video iliyofungiwa kabatini tangu wiki ya 4, ambayo hakuna kati yetu aliyeitumia kwa lolote. Daktari alikaa kiti kilekile.

Kwa dakika za mwanzo skrini haikuwa na mstari wa mrija. Kona ya chini maandishi madogo: "haujafunuliwa". Mafuta yanavutwa, yanachanika, moshi, lenzi inatoka, inarudi. Bado hakuna mstari. Nilijikuta nimeshika ukingo wa meza. Neno likabadilika kuwa "nusu", likarudi "haujafunuliwa" damu ilipotiririka, likawa "nusu" tena. Mpasuaji kwenye video aliugeuza mfuko kushoto, akaonyesha nyuma yake, akaurudisha. Vitu viwili vyeupe vikasimama peke yao na ini nyuma yao. Mstari mwembamba ukawaka kwenye kimoja.

Daktari alisimamisha video. Aliinama, pua karibu iguse skrini. "Ndio wenyewe," alisema. Akarudisha nyuma dakika mbili, akaitazama tena, akatafuta mahali ambapo ingekuwa imekosea. Alipata pawili: mara moja ilichelewa kusema "wazi" wakati yeye angeshakubali, na mara moja iliwasha mstari wakati koleo lilikuwa limefunika nusu ya mrija. La kwanza alisema tuliache hivyohivyo. La pili nimeliweka la kwanza kwenye orodha ya wiki ijayo.

Kisha akaomba jambo jipya. Upande wa kulia wa ini, kwa watu wengi, kuna mfereji uitwao wa Rouvière. Yeye huutafuta kabla ya kugusa chochote, na kisu chake hakishuki chini ya usawa wake. Anataka mashine imwonyeshe mfereji huo tangu dakika ya kwanza, wakati mrija bado umefichika. Kwenye majina 13 ya CholecSeg8k mfereji haumo, kwa hiyo itabidi tuuchore sisi. Alikuwa amekuja na kalamu yake ya skrini. Hadi saa nne usiku alikuwa amechora fremu 38, na mbili alizirudia kwa sababu mkono ulimteleza.